Udongo wa Paa la Yulkhar

Mwezi wa tano, siku ya 1

Takpa, hili ni daftari la nne. Matatu ya kwanza yako sandukuni chini ya mablanketi, na panya wamekula pembe moja tu. Siku ile unafungiwa ngomeni kwa faragha ya sala uliniambia, "Dada, niandikie yote, nikitoka nisome nilichokikosa." Nikakujibu kwamba hapa Yulkhar hakuna cha kukosa. Sasa umekaa humo miaka mitatu na miezi karibu mitatu, zimebaki siku arobaini na nne, na nikipitia niliyoandika naona nilisema kweli tupu: mbuzi, njegere, theluji, nani kanuniana na nani.

Leo nimepanda na mkate na supu ya njegere. Meme Angdui amepitisha bakuli kidirishani, akakohoa mara mbili kama kawaida yake ili ujue ni yeye. Bakuli likarudi limelazwa kifudifudi, maana yake u mzima. "Mdogo wako amelamba mpaka rangi," akaniambia. "Hata mimi babu yake sikuachiwa tone." Si babu yako wala wangu, lakini kwa umri ule ni Meme wa kila mtu. Anakaa chumba cha mnara wa lango, hatua thelathini kutoka kwako, na anajisifu hajachelewa hata asubuhi moja. Mlango wako bado umezibwa kwa udongo aliousiliba mwenyewe, na alama ya kiganja chake ipo katikati, vidole vitano wazi.

Siku ya 3

Mvua kidogo mchana. Mvua, si theluji. Mama alikuwa akizihesabu mvua za maisha yake kwa vidole.

Siku ya 6

Ule ufa wa ukuta wako, ambao mwaka jana niliuandika kwa mstari mmoja, sasa unaingiza kidole. Unaanzia chini ya paa na kushuka mpaka dirisha la tatu. Serikali imetuletea injinia, binti mdogo wa kutoka mjini, jina lake Negi, anapumua kwa shida kwenye ngazi zetu lakini hakubali kupumzika. Mzee Punchok, mkuu wa kijiji, alimpokea kwa lile analompokelea kila mgeni kabla hata ya chai: "Ngome hii haijawahi kutekwa."

Akamwonyesha yote. Kuta nene chini kama urefu wa mtu aliyelala, nyembamba juu. Milango mifupi ili adui aingie kichwa kwanza. Matundu ya kurushia mishale ambayo siku hizi watawa wanaanikia soksi. Boriti za mreteni zilizobebwa mgongoni kutoka nchi yenye miti, mwendo wa siku kumi na mbili. Binti alisikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Na paa lina unene gani?"

"Kiganja," akasema Mzee Punchok.

Binti akatoa fimbo ya chuma, akaichomeka juu ya chumba chako. Ikazama. Akapiga magoti, ikazama tena, mpaka mkono wake ukafika karibu na udongo. Alipoichomoa akaipima mwilini mwake, ikamfika kutoka unyayo mpaka nyongani.

"Nani ameweka udongo wote huu?"

"Sisi," akajibu Mzee Punchok kwa fahari. "Kila kiangazi, kikapu kimoja kwa kila aliye hai, na kimoja kwa kila aliyefariki mwaka huo. Ndiyo thawabu yetu."

"Na ule wa zamani mnautoa lini?"

Mzee Punchok akanitazama. Wewe unajua, Takpa, ni nani anayeongoza wabeba udongo kwa miaka kumi na tisa sasa. Nilitazama viatu vyangu. Zile boriti zilipimwa kubeba kiganja, na sisi tumezitwisha mlima, kila mwaka tukiimba.

Kabla ya kuondoka alibandika vipande vitatu vya kioo juu ya ufa, kwa saruji. Kioo kikipasuka, ukuta umesogea. Akaniachia namba ya simu. Mzee Punchok alipochungulia kuona namba imepewa nani, akaguna.

Siku ya 7

Vioo vizima. Nimepalilia njegere.

Siku ya 8

Vioo vizima.

Siku ya 10

Mvua. Vioo vizima. Haba na haba hujaza kibaba. Miaka kumi na tisa nimewaambia wanawake maneno hayo pale ngazini, wakihema. Leo yamenikaa kooni.

Siku ya 12

Kikao uani kwa Mzee Punchok. Kubeba udongo kumepangwa siku ya ishirini, kama kila mwaka. Nikasimama nikasema mwaka huu hatupandishi, tunashusha.

Butit jirani yangu ndiye aliyeanza. Unamjua, ulimi wake haujawahi kuugua. "Hebu rudia, Palkit. Mwaka juzi ulinirudisha bondeni na mgongo wangu huu, eti kikapu hakijajaa. Mama yangu ana wiki tatu tangu afe, nabeba kikapu chake nalia, na wewe unanipimia. Leo kikapu kilekile unataka kukimwaga?"

"Paa limeelemewa, Butit."

"Paa, au roho yako? Ingekuwa aliyefungiwa chini yake si ndugu yako, ungesema?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Nilisema ndiyo. Sina hakika kama nilisema kweli, na nakuandikia hivyohivyo.

Mzee Punchok akafunga kikao: "Maadui wa kaskazini walileta mizinga, ukuta ukasimama. Leo unaambiwa unashindwa na udongo wa mama zetu. Tawanyikeni."

Siku ya 13

Nilimwomba Meme akuingizie karatasi. Alikataa, akasema faragha si posta. Nikalia. Akaichukua. Niliandika: Ukuta wako unasogea, toka, utaanza upya mwaka kesho.

Najua uzito wa neno hilo. Ulishaanza upya mara moja. Mama alipofariki, nilikwenda mimi mwenyewe kidirishani nikakwambia, nawe ukatoka ukiwa umebakiza miezi mitano tu. Hukunilaumu. Bora ungenilaumu.

Bakuli likarudi kifudifudi, karatasi yangu chini yake, imekunjwa vizuri, haijaandikwa kitu. Meme akasema, "Amekujibu huyo." Haya. Kichwa kigumu ni cha baba, mimi pia ninacho.

Siku ya 14

Jua kali. Njegere zimetoa maua.

Siku ya 16

Kioo cha juu kimepasuka. Nilisimama nikikitazama kama mtu anayetazama nyoka. Ufa wa nywele tu, kutoka pembe hadi pembe.

Nimepanda kilima cha bendera kutafuta mtandao, nikampigia binti Negi. Barabara imekatika, hawezi kuja. Sauti ilikuwa inakuja na kupotea. "Toeni udongo, mama. Leo kama mnaweza. Mkiutoa, mwageni mbali." Nikamwuliza mbali kiasi gani. "Mbali na jengo. Bondeni kabisa. Udongo usikae juu ya kitu chochote." Nikasema nimeelewa, na nilielewa.

Siku ya 18

Leo nitaandika taratibu, kwa sababu nataka uisome taratibu.

Nilimpeleka Mzee Punchok akaone kioo. Akakigusa, akaondoa kidole haraka. Jioni akaita kikao tena, watu wakaja kimya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kila mtu alikuwa akilitamka hilo, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushika jembe. Kutupa bondeni udongo wa thawabu, udongo wa marehemu, ukakanyagwe na mbuzi? Butit akasema afadhali wamzike kwanza yeye. Hakuwa anatania.

Ndipo Meme Angdui akasimama kwa fimbo yake. "Mbona mnaumia bure," akasema. "Msiutupe. Uhamisheni. Paa la mnara wangu ni hatua thelathini, na mnara huu ndio ulioangalia adui usoni. Thawabu ibaki juu ya Yulkhar, Takpa apumue, na mimi nitalala nimefunikwa na mama zenu wote. Nani kijijini amewahi kupata blanketi la namna hiyo?"

Walicheka, Takpa. Unajua anavyochekesha. Uso wa Butit ulilegea kwa mara ya kwanza. Mzee Punchok akanigeukia: "Wewe ndiye mwenye injinia. Amesemaje?"

Nikasema, "Amesema tuutoe."

Hilo tu. Lile neno mbali nililishika mdomoni. Nilijua nikilitamka, wangekataa, kila mtu angerudi kwake, na vioo viwili vilivyobaki vingehesabu siku zako badala yangu. Nikajiambia ni wiki nne tu, ukishatoka tutauhamisha tena. Nikajiambia mnara ni mnene. Meme alinitazama nikadhani ameona kitu, lakini alikuwa anataka nimshike mkono ashuke ngazi.

Siku ya 20

Tumeanza. Wanawake arobaini na mmoja, wanaume kumi na wawili. Hakuna aliyeimba.

Siku ya 21

Udongo unatoka kwa matabaka kama mkate wa kukunjwa. Manjano, kijivu, manjano. Tabaka la mwaka wa mafuriko lina changarawe. Tabaka la mwaka barabara ilipofika lina kifuniko cha chupa ya soda. Butit alipofika kwenye la mama yake alijua mwenyewe, sijui kwa alama gani. Alilijaza kikapuni kwa mikono, akalibeba peke yake hadi mnarani, akarudi akanipa maji yake ninywe.

Siku ya 23

Tumefika chini. Tabaka la mwisho ni lao waliojenga: kiganja kimoja kamili, gumu, limepigwa hata maji hayakai. Chini yake magome meupe ya mti, makavu, kama yamewekwa jana. Mzee Punchok alipiga magoti, akaweka kiganja chake kukipima kile cha zamani. Kisha akasema, "Walijua." Tukaacha hapohapo.

Siku ya 24

Vioo viwili vizima. Bakuli kifudifudi. Nimelala mchana kama mgonjwa aliyepona.

Siku ya 27

Nimepitia kwa Meme kumnyolea kichwa. Mlango wake unakwaruza sakafu, ilibidi niusukume kwa bega. "Umevimba kwa unyevu," akasema. Nikasema ndiyo, unyevu. Jana haikunyesha, wala juzi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimelifikiria hilo njia nzima.

Siku ya 30

Vioo vizima. Mawingu yamekaa upande wa kusini tangu asubuhi, meusi chini.

Mwezi wa sita, siku ya 1

Mvua.

Siku ya 2

Mvua. Mlango wa Meme haufungi tena, ameuacha wazi. Nimemwambia aje alale kwangu. "Na nani atamkoholea Takpa alfajiri? Wewe unakohoa kama mbuzi." Nikacheka. Sikumshika mkono nikamvuta. Ningeweza, ni mwepesi kuliko kikapu.

Siku ya 3

Mvua. Udongo wa juu ya mnara umelowa, una rangi ya ini.

Siku ya 4

Mvua, nyepesi. Nilikwenda kwa Mzee Punchok nikamwambia lile neno la injinia, lote, na siku niliyolisikia. Hakufoka. Alikaa kitako tu. Akasema, "Njegere zinaoza shambani, watu wamevunjika migongo. Mvua ikikatika, keshokutwa mchana tunaanza kuushusha udongo wa mnara. Siku mbili, Palkit." Nikakubali. Nami nina njegere.

Siku ya 5

Mvua haikukatika. Vioo vyako viwili vizima.

Siku ya 6

Nilikuwa ngazini na bakuli lako, jua limeshatoka, la kwanza baada ya siku tano. Nilimwona Meme akitoka kidirishani kwako, nadhani alikwenda kukuamkia. Akanipungia fimbo. Akaingia chumbani kwake kuchukua kitu, wakati ule sikujua kitu gani.

Mnara haukuanguka kama nilivyokuwa nikiota. Ulikaa. Uliketi chini kama mtu mzima aliyechoka, polepole, na vumbi halikuwepo kwa sababu kila kitu kilikuwa kimelowa. Sauti ilikuja baadaye. Kisha lango lote likateleza bondeni na njia ikawa hewa tupu mbele ya miguu yangu.

Watu walikuja na majembe yaleyale. Tulichimba udongo uleule kwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyeuliza unatupwa wapi. Ulimwagwa bondeni, kila kikapu, cha mama zetu na cha yeyote yule. Butit alichimba mpaka kucha zikatoka damu. Tulimfikia Meme saa nane mchana. Uso wake ulikuwa safi. Mkononi alikuwa na kofia yangu ya sufu niliyoisahau siku ya kumnyoa.

Mzee Punchok alinishika bega. "Sote tulicheka siku ile," akasema. Alitaka kugawana nami mzigo uwe mwepesi. Lakini wao walicheka bila kujua.

Halafu nikakukumbuka. Ulikuwa hujala tangu asubuhi, na lazima ulisikia. Nilizunguka nyuma ya ngome nikafika kidirishani na bakuli la pili, mikono yangu imejaa udongo. Nilisimama pale. Zimebaki siku tisa. Nikikwambia, utatoka, nakujua, utatoka kumsindikiza kama ulivyotoka kwa Mama, na Meme atakuwa amekufa kwa ajili ya mlango uliofunguka kabla ya siku yake. Nikiacha kukwambia, nitakuwa nimelishika neno mdomoni mara ya pili.

Nikakohoa mara mbili. Kavu, kwa kifua, kama yeye.

Supu ilipoa kidirishani. Kisha bakuli likachukuliwa. Liliporudi lilikuwa kifudifudi.

Siku ya 8

Tumeuchoma mwili wa Meme, kama desturi, upande wa pili wa mlima ili moshi wa mreteni usikufikie. Mzee Punchok ndiye aliyepanga hivyo, bila kuniuliza. Kijiji kizima kinakutunzia siri sasa. Watoto wamekatazwa kulia karibu na ukuta wako.

Siku ya 9

Nimekohoa. Kifudifudi.

Siku ya 10

Nimekohoa. Kifudifudi.

Siku ya 11

Kikohozi kimenijia nikiwa shambani, mara mbili, bila kukiita. Butit alidondosha mundu.

Siku ya 13

Binti Negi amefika kwa miguu. Alisimama palipokuwa na lango, akatazama chini, akatazama paa lako la kiganja kimoja. Hakuniuliza kitu. Nilimwambia mwenyewe, yote. Akasema chumba chako kitasimama miaka mia. Nikamwomba asiseme hivyo tena.

Siku ya 14

Kesho. Nimefikiria kuchana ukurasa wa siku ya kumi na nane. Nimeushika kabisa. Karatasi hii ni nyepesi, ingetoka kwa mvuto mmoja, na kijiji kisingesema. Nimeuacha.

Siku ya 15

Naandika nyuma ya mfuko wa unga, kwa sababu daftari analo Takpa mwenyewe.

Aliyeziba ndiye huzibua, lakini hayupo, basi nimezibua mimi. Nilivunja udongo pembeni pembeni, nikakibakiza kipande chenye alama ya kiganja chake, nikakiweka juu ya kitambaa cheupe. Takpa akatoka akiinama, mweupe kama chipukizi la chini ya jiwe, nywele mpaka mabegani. Alifumba macho kwa mwanga, akanishika uso, akacheka. Sauti yake imekuwa nyembamba.

"Dada, umezeeka."

"Na wewe unanuka."

"Meme yuko wapi? Nimemzoea mno. Siku hizi kifua chake hakikuwa kizuri, nilikuwa namwombea."

Watu wote walitazama chini. Nilikuwa nimejiandalia maneno siku tisa. Nikatoa daftari kifuani nikampa. "Soma kwanza," nikasema. "Uliniambia nikuandikie yote."

Alidhani ni mchezo wetu wa zamani. Alikataa chai, akaketi juani na mgongo ukutani, mahali anapoweza kuona kila kitu ila palipokuwa na lango, maana nimekaa mimi upande huo. Anasoma polepole, kidole chini ya kila mstari, kama tulivyofundishwa. Amecheka kwenye soksi za watawa. Amecheka zaidi kwenye ulimi wa Butit, akamwita aje asikie, na Butit amejificha nyuma ya ukuta. Kwenye karatasi niliyomwandikia amenitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea.

Sasa amelowesha kidole mdomoni. Amefungua siku ya kumi na nane.